Mume Hakuwamo Kwenye Tangazo

Nyumba ikikaa sokoni muda mrefu, watu huanza kuitazama kama wanavyomtazama mwali aliyerudishwa kwao: kila mmoja anajiuliza ina kasoro gani. Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa imefikia hapo. Ilikuwa imeuzwa mara mbili kwa mdomo, na haikuuzwa hata mara moja kwa kalamu. Mnunuzi wa kwanza alinyimwa mkopo na benki. Wa pili alisema anakwenda kushauriana na mkewe, akapotea yeye, mkewe na shauri lao. Bei ikashushwa, ikashushwa tena, na kila iliposhushwa waliokuja kutazama walizidi kupungua, maana mtaa mzima ulikuwa unauza. Maandishi mekundu ya NYUMBA INAUZWA yalikuwa yameota kwenye kuta kama upele.

Jumamosi hiyo asubuhi Mama Pacha alikuwa amepiga magoti sebuleni, akisugua sakafu aliyoisugua jana yake. Ijumaa kutwa alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, akiwaeleza watu vidonge vipi ni vya kabla ya kula na vipi ni vya baada, na miguu ilikuwa bado inamuuma mpaka kwenye nyonga. Akasikia hodi.

"Karibu," aliitikia bila kuinuka. "Mlango uko wazi."

Aliyebisha hodi alikuwa mumewe.

Baba Pacha aliingia taratibu, kama mtu anayeingia ofisi ya watu, mkononi ameshika mfuko wa plastiki. Alikuwa fundi wa lifti, mrefu, mtu wa maneno machache, na karibu kila jengo refu la mjini lilikuwa na namba yake ya simu. Alivua viatu, akatoa ndara kwenye ule mfuko, akazivaa. Viatu akavipanga mlangoni kando ya vya mkewe.

"Habari za hapa?"

"Nzuri. Za huko?"

"Tunasukuma."

Mama Pacha alimtupia jicho. Shati lilikuwa na mikunjo upande mmoja. "Hilo umelipiga pasi na nini, sufuria?"

"Pasi ya jirani. Inapata moto nusu."

Angecheka, lakini kucheka nako kunataka nguvu. Aliinuka kwa kushika kiti, na fundi akanyoosha mkono amsaidie, kisha akaurudisha kabla haujafika, kama mtu aliyekumbuka kwamba kitu anachotaka kukishika si chake.

Kwa zaidi ya mwaka huo ndio ulikuwa mchezo wao. Walikuwa wameachana kwa kila kitu isipokuwa kwa hati ya talaka. Yeye alibaki kwenye nyumba, mumewe akahamia chumba cha kupanga karibu na karakana. Walikubaliana wauze, wagawane, kila mtu ashike njia yake. Lakini dalali waliyempa kazi alikuwa amewakalisha chini mapema.

"Nyumba ya watu wanaoachana haipati bei," aliwaambia. "Mnunuzi akinusa ugomvi, anashusha. Akinusa haraka, anashusha tena. Na soko lenyewe limelala chali. Kwa hiyo nisaidieni kazi yangu. Wateja wakija, muwe wawili. Mume, mke, nyumba ina baraka, mambo safi."

Kwa sababu ya neno hilo wakampachika jina, wakawa wanamwita Mambo Safi, naye hakujali. Na kila mteja alipopatikana, Baba Pacha alikuja na ndara zake kwenye mfuko, akakaa kwenye kiti chake cha zamani na kujifanya mwenye nyumba, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Ajabu ni kwamba hawakuwa wamegombana vya kuitwa kugombana. Hapakuwa na mwanamke wa nje wala mwanaume wa nje. Mama yake fundi aliugua, akaja kuishi nao, akalala kwenye chumba cha nyuma miaka mitatu bila kuinuka, akafariki. Waliporudi kutoka kuzika walikuta nyumba imejaa kimya, nao hawana la kuambiana. Mabinti zao pacha wakaenda chuo. Kimya kikazidi. Siku moja, akitoka kazini na kichwa kinamgonga, Mama Pacha alimkuta mumewe amekaa gizani sebuleni, hakuwasha taa, hakuweka hata maji jikoni. Akasema neno ambalo hakujua limetoka wapi: "Nyumba hii ingekuwa na hewa kama wewe usingekuwemo."

Hakujibiwa. Asubuhi yake mumewe alifunga begi, akaaga kwa adabu, akaondoka.

"Pacha wamepiga simu?" aliuliza sasa Baba Pacha, akikunja vizuri kitambaa cha meza.

"Jana. Mmoja anauliza kama chumba chao kitauzwa pamoja na vitanda. Mwingine analia tu kwa nyuma."

"Yupi analia?"

"Unamuuliza nani? Anayelia siku zote."

Safari hii wote wawili walitabasamu kidogo, kila mmoja akiangalia upande wake. Mama Pacha akaona suruali ya mumewe imelegea kiunoni, mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Anakula nini huko? Nani anamwuliza kama amekula? Akajikaripia moyoni. Si kazi yake tena. Lakini jicho lake lilirudi pale pale kwenye mkanda, na naye fundi, akidhani haonekani, alikuwa akivitazama vidole vya mkewe vilivyopasuka kwa sabuni.

"Nimekuletea mafuta ya mikono," alisema, akatoa kichupa mfukoni na kukiweka juu ya meza, mbali naye. "Nilipita dukani nikaona."

"Mimi nauza dawa, Baba Pacha. Mafuta ya mikono yamejaa rafu nzima pale."

"Najua. Lakini hujinunulii."

Gari lilisimama nje, na sauti ya Mambo Safi ikatangulia mwili wake.

Wateja walikuwa wanawake wawili. Mmoja alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, mjamzito, tumbo limefika mbele, uso umejaa usingizi. Mwingine alikuwa mama mkwe wake, mama mtu mzima mwenye fimbo ya chuma, aliyepanda ngazi za barazani moja moja akihema. Mume wa msichana huyo, mtoto wa yule mama, alikuwa safarini kikazi. Angeamua kwa simu.

"Hii ndiyo ile niliyowaambia," Mambo Safi alianza. "Imejengwa na mwenyewe kwa mkono wake, si nyumba za kukimbizana na faida. Fundi hapa, mkewe hapo. Miaka yote hiyo, mambo safi."

Wakazungushwa. Sebule, jiko, vyumba vya mbele. Yule mama alikuwa akigonga ukuta kwa kichwa cha fimbo, anasikiliza, anasogea. Kwenye korido akasimama, akavuta pumzi puani.

"Rangi mbichi," alisema.

Mambo Safi akakohoa. "Mama, nyumba lazima ipendezeshwe kidogo."

"Mimi nanunua nyumba, sinunui rangi. Chini yake kuna nini?"

Dalali alimtazama fundi kwa macho ya kumwomba. Baba Pacha akajikuna shingo. "Unyevu," alisema. "Mvua zikiwa kubwa, ukuta huu unavuta maji kutoka nje. Dawa yake ni kuchimba mfereji upande wa nyuma. Nilitaka kuuchimba. Kisha mambo yakawa mengi."

Mambo Safi alifumba macho. Lakini yule mama aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyelipwa deni dogo. "Haya. Twende mbele."

"Mnahama kwa nini?" aliuliza yule msichana ghafla. Alimwuliza Mama Pacha, si dalali.

Jibu lilikuwa limeandaliwa zamani. "Watoto wamekua," alisema Mama Pacha. "Nyumba imetuzidi ukubwa."

Msichana aliitikia, lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye ndara za Baba Pacha. Bado zilikuwa na alama ya kukunjwa kwa kukaa kwenye mfuko.

Chumba cha nyuma ndicho walichofikia mwisho. Mambo Safi huwa anakipitisha haraka, anakiita stoo. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa bado kipo, kile cha kuinua kichwa kwa mpini, na dirisha kubwa linalotazama uani. Yule mama aliketi juu ya kitanda bila kuambiwa, akalaza fimbo mapajani, akapumua.

"Hapa kuna jua," alisema. "Nani alikuwa analala hapa?"

"Wageni," Mambo Safi alidakia.

"Mgeni gani analazwa kitanda cha hospitali?"

Mama Pacha alikuwa ameegemea mlango, amechoka kusimama, amechoka kudanganya, akisubiri tu yapite. Alijua mumewe atajibu kwa neno moja, kama kawaida yake, na neno hilo litawafukuza wateja. Nani anataka kununua chumba alichofia mtu?

"Mama yangu," alisema Baba Pacha. "Amelala hapa miaka mitatu, na hapa ndipo alipokatia roho. Sitaki kuwaficha."

Mambo Safi akatoka nje kupokea simu ambayo haikulia.

"Alikuwa haamki kabisa?" aliuliza yule mama.

"Kabisa. Hata kijiko hakishiki." Fundi alikuwa akiongea na sakafu. "Na mtu aliyemtunza ni huyu hapa, mke wangu. Si dada zangu, si mimi. Huyu anasimama kutwa kwenye duka la dawa, anarudi miguu imevimba, na kabla hajavua viatu anaingia humu. Anamgeuza, anamwosha, anampaka mafuta, anamlisha tone kwa tone. Usiku anaamka kumgeuza tena. Daktari alikuja akamfunua mgongo, akaniuliza ni nesi gani tumemwajiri, maana hakuona hata kidonda kimoja. Nikamwambia hatujaajiri mtu."

Mama Pacha alihisi mlango umekuwa mlaini mgongoni mwake.

"Mama alikuwa mkali," aliendelea. "Wakati wa harusi yetu alimkataa huyu mbele za watu. Alisema mwanamke wa dukani hatajua kutunza nyumba. Mwisho wake, mtu aliyemtambua ni huyu tu. Mimi akinitazama ananiita bwana. Huyu akiingia, anamwita mwanangu. Na huyu mke wangu aliletewa kazi kubwa mji mwingine wakati ule, asimamie duka lake mwenyewe. Alikataa. Hakuniambia, niliambiwa na watu. Kwa hiyo mama, ukiniuliza kuhusu chumba hiki, sina la kukwambia zaidi ya hilo. Mtu alitunzwa hapa. Sijui kama nyumba inapanda bei kwa jambo kama hilo."

Mama Pacha aligeuka, akaenda jikoni. Akafungua bomba, maji yakamwagika bure, akayaacha yamwagike ili yazibe masikio ya watu. Miaka yote ile alikuwa akidhani hakuonekana. Alidhani mtu aliyekuwa akisimama mlangoni pa chumba kile, mikono nyuma, alikuwa anaona kitanda na mgonjwa basi. Kumbe alikuwa anamwona yeye. Alikuwa ameona mpaka viatu.

Akasikia hatua nzito nyuma yake. Alikuwa yule msichana mjamzito.

"Samahani dada," alisema kwa sauti ya chini, akichungulia korido. "Nataka kukuuliza kabla mama hajaja. Madaktari wanasema ile nyonga yake haitapona. Mume wangu hayupo nusu ya mwezi. Na huyu," akashika tumbo, "anakuja. Wewe uliwezaje?"

Mama Pacha alifunga bomba. "Sikuweza," alisema. "Nilifanya tu. Kuweza ni kitu kingine."

Machozi yakamlenga msichana. "Naogopa nitamchukia."

"Kuna siku utamchukia. Siku hiyo mwoshe hivyo hivyo, kisha nenda ukalale. Na mumeo akirudi, usimnyamazie. Mwambie umechoka. Mwambie mpaka akuchoke. Mimi nilinyamaza nikadhani atajua mwenyewe, naye akanyamaza akadhani najua kwamba anajua. Unaona tulipofika."

"Mmefika wapi?"

Mama Pacha akafuta mikono kwenye khanga aliyojifunga kiunoni. "Kuuza nyumba, mdogo wangu."

Waliporudi chumbani, yule mama alikuwa bado juu ya kitanda, simu sikioni, akibishana na mwanawe. "Unasema tusubiri mpaka bei zishuke tena," alikuwa akisema. "Sawa, zinaweza kushuka. Zinaweza kupanda pia, wewe na hao marafiki zako hakuna anayejua. Lakini mimi sina umri wa kusubiri bei. Nimeona nyumba tisa na hii nyonga mbovu. Huku nimeambiwa ukweli mara mbili ndani ya saa moja. Nataka chumba hiki, na nataka hiki kitanda kisiondolewe." Akasikiliza. "Bei hiyo hiyo. Usiwakamue watu, hebu waangalie walivyochoka."

Hivyo ndivyo nyumba ilivyouzwa. Mambo Safi alirudi mbio ndani akiwa amepona kabisa simu yake, akapeana mikono na kila mtu, hata na fundi mara mbili. Jumatatu wakutane kwa mwanasheria. Yule msichana alipokuwa anaingia garini aligeuka akamtazama Mama Pacha, akatikisa kichwa kidogo, kama watu wanaofahamiana siku nyingi.

Gari halijafika kona, jingine likaingia. Aliyeshuka ni Kaka Mkubwa, mzaliwa wa kwanza kwa kina Mama Pacha, mwenye duka la vipuri vya magari na sauti iliyozoea kushinda injini. Mambo Safi alikuwa ameshampasha habari kwa simu akiwa njiani.

"Nimesikia, nimesikia," alisema akiingia bila hodi. "Ahsante Mungu. Mzigo umetushuka." Akamwona fundi amesimama karibu na dirisha. "Shemeji."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaketi, akamgeukia dadake. "Mdogo wangu, umekonda kama uzi. Sasa sikiliza. Wifi yako ameshakusafishia chumba cha juu. Jumatatu mkisaini, unakuja kwangu moja kwa moja, mizigo nitaleta gari. Na wewe bwana, sina ugomvi na wewe. Ila baada ya Jumatatu, kila mtu na lake. Hizi za kuja na ndara kwenye mfuko ziishe. Watu wanacheka."

"Sawa, kaka," alisema Baba Pacha.

"Si sawa," alisema Mama Pacha.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, macho amefumba nusu, na hakupandisha sauti.

"Nini si sawa?"

"Chumba cha juu nashukuru, lakini siji. Nimepata pa kupanga karibu na duka."

"Peke yako?"

Mama Pacha alimtupia jicho mumewe. Kaka Mkubwa akamtazama, akamtazama na shemeji yake, akaanza kuelewa, na alivyoelewa ndivyo uso ulivyomwiva.

"Amekwambia nini huyu? Mwaka mzima unalia kwangu jikoni, mke wangu ndiye shahidi. Mwanaume aliyeshindwa kukuambia pole akakuacha na nyumba hii kubwa kama jela. Leo amesema maneno mawili mbele ya wateja umelainika? Yale alikuwa anauza nyumba, mdogo wangu. Kila mtu anasema vizuri akiwa anauza."

Mama Pacha aliona jinsi mishipa ya shingo ya mumewe ilivyosimama. Alijua angenyamaza mpaka kesho. Ndivyo alivyo.

"Inawezekana," alisema. "Inawezekana alikuwa anauza. Lakini kaka, nyumba ndiyo niliyoiuza. Mume hakuwamo kwenye tangazo."

Kaka Mkubwa akainuka, akapapasa mifuko akitafuta funguo za gari zilizokuwa mkononi mwake. "Mimi nilikubeba mgongoni," alisema, na ile sauti ya kushinda injini ilikuwa imemtoka. "Nisikuone tena unalia jikoni kwangu. Ni hilo tu."

"Nikilia nitakuja. Nani mwingine ana jiko kubwa hivyo?"

Akamsindikiza mpaka kwenye gari, akamshika mkono kupitia dirishani, akakaa hapo mpaka kakake alipoacha kununa.

Aliporudi ndani, mumewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, ndara ameshazitia kwenye mfuko, miguu mitupu juu ya sakafu.

"Ulimaanisha?" aliuliza.

"Sijui." Alijitupa kwenye kochi. "Nilichoka kumsikiliza. Wewe je? Ulikuwa unauza?"

"Hapana."

"Kwa nini uliwaambia wao? Wageni kabisa. Mimi nilikuwa nalala ubavuni mwako, Baba Pacha. Ungeniambia siku moja tu. Hata kwa ujumbe wa simu."

"Nilikuwa nakutazama ukitoka kule chumbani, naona umechoka mpaka huwezi kumeza chakula. Nikawa najiambia, nikimwambia asante sasa, ataona asante ni kitu kidogo mno. Nitafute kikubwa. Nikawa natafuta. Siku zikapita, mama akafa, na nilichokipata bado kidogo. Kisha ukasema lile neno la hewa."

Lilikuwa halijawahi kutajwa tangu siku ile. Sasa lilikuwa limekaa kati yao mezani.

"Nilitegemea utanijibu," alisema Mama Pacha. "Nilitaka unifokee. Ungevunja hata kikombe. Nilikuwa nahitaji mtu mwingine kwenye nyumba hii awe hai."

"Mimi nilidhani unaomba hewa."

Alisema bila kejeli. Alikuwa ameombwa kitu na mkewe, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, na alikuwa amekitoa. Mama Pacha alilielewa hilo taratibu, likamwingia kama baridi ya sakafu, na hapo ndipo machozi aliyoyazuia jikoni yalipomtoka. Hakulia kwa sauti. Yalishuka tu, naye akayaacha.

"Halikuwa neno la kweli," alisema. "Ulipoondoka ndipo hewa ilipokwisha. Nililala na taa zimewaka mwezi mzima."

Mumewe hakusogea. Macho yao yalikutana, na safari hii hakuna aliyeyakwepesha. Fundi alikuwa na mvi mpya juu ya masikio. Mama Pacha aliona kovu dogo la kidevuni, lile alilolipata wakati wa kupaua, na akakumbuka alivyolibana kwa khanga wakiwa juu ya mabati, vijana, wanacheka damu inatoka.

"Hatuwezi kurudi nyuma kwenye kuuza?" aliuliza fundi. "Hatujasaini."

"Hapana. Tumwachie yule mama jua lake. Mimi nyumba hii nimeimaliza, Baba Pacha. Nimeisugua mpaka nimeichukia. Kila wiki watu wanafungua makabati yangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ile niliyoipata ina vyumba viwili. Ghorofa ya nne."

"Ya nne. Na miguu yako hiyo?"

"Kuna lifti, lakini mbovu. Wapangaji wanasema tangu mwaka juzi."

"Kampuni gani?"

"Nitajuaje kampuni? Mlango wake unafunguka nusu, kisha inalia kama paka."

"Hiyo ni mota ya mlango," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yalishuka. "Si kazi kubwa."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira kwenye ukuta wenye tangazo. Mchana ulikuwa umeiva, na humo ndani hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekula. Mama Pacha akaegemeza kichwa nyuma.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Kama unataka kuanza upya, mimi sina nguvu. Usinitoe matembezi. Usiniletee maua wala usinitungie maneno. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Mapenzi ya kukimbizana siyawezi."

"Hata mimi siyawezi."

"Unataka nini basi?"

Baba Pacha aliangalia mikono yake, ile mikono mikubwa yenye grisi isiyotoka kwenye kucha. "Kukaa," alisema. "Nataka kukaa tu mahali ulipo."

Mama Pacha akavuta mito miwili iliyokuwa imepangwa kwa ajili ya wateja, akaitupa chini, na kuacha nafasi kwenye kochi kando yake.

"Basi kaa."